Tundu Lisilo na Jina

Posta ya Kuhmo ilipofungwa, Lempi Tervonen
alinunua kabati la kuchambulia barua,
matundu sitini na manne, mbao za msonobari,
akalivuta hadi nyumbani kwa sleji
huku Oiva akisukuma kwa nyuma na kunung'unika:
hatuna hata ndugu sitini wa kutuandikia.

Lilikuwa la Biblia.

Kila tundu neno lake: kisima, mkate, kiatu,
kizingiti, deni. Kunguru mbali, njiwa mbali,
maana mtu wa posta hachanganyi mitaa.
Kila kadi safu tatu, kwa penseli:
Nani anasema? Anamwambia nani? Baada ya nini?
Hiyo ya tatu aliipigia mstari.
"Watu huchuma aya kama matunda ya mwituni," alisema,
"wasitazame kinamasi walichokanyaga kuifikia."

Mimi nilikuja kwa ajili ya kuni.
Manispaa ilinilipa kwa saa: niwashe jiko,
nihesabu vidonge, nizoe theluji mlangoni.
Dakika kumi za mwisho zilikuwa zake.
Nisome sura nzima kwa sauti, bila kalamu mkononi.
Mara ya pili, polepole.
Mara ya tatu alifumba macho na kunikatiza:
"Hapo. Kwa nini 'lakini'?"
Sikuwa mtu wa kanisani,
ila nilianza kuziogopa "lakini".

Mezani: kioo cha kukuzia, mpini umefungwa plasta,
ramani iliyokunjwa mno pale pale hata Yordani ikatoboka,
itifaki nene kama tofali,
na kamusi ya Kiebrania aliyoifuata kwa kidole
kutoka kulia, kama mtu anayerudi kinyumenyume
kutafuta alichoangusha njiani.

Mwezi Machi, barafu ya ziwa ikianza kulia usiku,
tukafika tundu la "ngoja".
Alinionyesha mzizi: huenda, yasema kamusi,
ni ule wa kusokota, nyuzi kuwa kamba.
"Kumbe kungoja si kukaa," akasema, akisugua vidole
kana kwamba katikati yake pana katani.
Nami, kwa uvivu wa umri wangu, nikatoa simu,
nikaandika neno, nikabonyeza.

Akahesabu kadi zake. Akarudia.
Simu ilimzidi kwa moja.

Sikutaka kushinda. Nikasema labda mashine imekosea.
"Mashine haina sababu ya kuruka," akajibu. "Mimi ninayo."

Akainuka, akashika meza, akashika kiti, akafika mlangoni
kwenye koti jeusi la sufu
nililolipangusa vumbi majira mawili
bila kumwona akilivaa hata siku moja.
Mfukoni: glavu moja,
risiti ya maegesho ya hospitali ya Kajaani,
kadi.

Nani anasema: imejazwa.
Anamwambia nani: imejazwa.
Safu ya tatu, penseli imeanza herufi
kisha ikateleza hadi ukingoni.
Miaka kumi na moja. Oiva aliangukia kwenye zulia hili hili,
kikombe kikiwa bado mkononi.

Nilidhani atalia. Aliomba kichongeo.
Akachonga juu ya sahani ya chai, taratibu,
akaniambia nisome, nianzie mbali, sura mbili kabla.
Nikasoma. Saa zangu za kulipwa zikaisha.
Nikasoma. Alipoinua mkono, nikanyamaza.

Sijui aliandika nini; kadi aliigeuza kifudifudi.
Chini kabisa kabatini lipo tundu lisilo na kibandiko,
ambamo posta, zamani, waliweka barua
zenye anwani isiyosomeka,
zisizotupwa, zisizopelekwa.
Akaitia humo.
Kisha, akiwa bado ameinama:
"Kesho lete kuni kavu zaidi. Hizi zinatatarika mno,
sikuisikia vizuri ile 'lakini'."